Masta ya uhandisi wa biomedikali ukitokea Lubumbashi: hatua kwa hatua

Kila mwaka maswali ni yale yale. Yanatoka kwa vijana wa Politekniki ya UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), kwa wahitimu wa ISTM (taasisi ya juu ya ufundi wa tiba), hata kwa madaktari wachanga: naanzia wapi, chuo gani kitanipokea, nani atalipa, na je, gradua yangu inatosha? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Umeandikwa kwa mtu aliyeko Lubumbashi. Wa Goma na Bukavu watabadilisha jina la chuo na njia ya kusafiri, mengine hayabadiliki.

Tuseme wazi tangu mwanzo: dosie nyingi za kwetu haziangushwi na uwezo wa mwombaji. Zinaangushwa na karatasi zilizoanza kutafutwa mwezi wa mwisho, na barua ya motisha inayosema "ninapenda kuwasaidia wagonjwa" bila kutaja mashine hata moja. Ndiyo maana hapa chini sehemu ya karatasi na sehemu ya kazi ya kuonyesha ni ndefu kuliko nyingine.

Kuhusu fani yenyewe, kwa sasa inatosha kujua matawi yake makubwa: vifaa na ishara za mwili (ECG inayopima umeme wa moyo, oksimita inayopima oksijeni ya damu), picha za tiba (skana, IRM yaani picha za sumaku, ekografia), biomekanika na viungo bandia, biomateria, na uhandisi wa hospitali, yaani kuchagua, kutunza na kulinda usalama wa mashine. Tawi hili la mwisho ndilo lenye kazi nyingi kwetu, na ndilo waombaji wanalolisahau.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Muda: miezi 15 hadi 18 kabla ya siku ya kuingia darasani. Chini ya miezi 12 utakuwa unakimbizana.
- Releve za kote (orodha rasmi za alama) za kila mwaka uliosoma. Ya mwaka wa mwisho peke yake haitoshi.
- Diploma ya chuo, au cheti cha kufaulu kama diploma haijatoka. Na Diploma ya Serikali (ya kumaliza sekondari).
- Pasipoti yenye uhai wa angalau miaka miwili mbele.
- Kompyuta yenye RAM ya GB 8. Ya GB 4 itavumilia ukifunga programu nyingine. Weka Python au Octave. Zote ni za bure.
- Barua pepe yenye jina lako halisi. Achana na anwani ya utani uliyofungua sekondari.
- Watu watatu wa kukuandikia barua, angalau mmoja awe profesa mwenye doktora.
- Akiba ya pasipoti, mtihani wa lugha, uhalalishaji wa karatasi, kutuma vifurushi, na safari moja ya Kinshasa. Safari hiyo ndiyo inayosahauliwa kwenye hesabu.

Hatua ya 1. Jua diploma yako inahesabiwaje nje

Mfumo wa zamani ulikuwa gradua ya miaka 3, kisha lisansi ya miaka 2. Mfumo wa LMD, ulioanza vyuoni mwetu mwaka wa masomo 2021–2022, ni lisansi ya miaka 3 (krediti 180), masta ya miaka 2 (krediti 120), kisha doktora. Hapo ndipo wengi wanapotelea.

Ukiwa na lisansi ya zamani ya miaka 5, au ingenia wa Politekniki, kwa kawaida unaomba masta bila shida. Ukiwa na gradua peke yake, hata ya ISTM yenye kote nzuri, masta haikufungukii. Maliza kwanza ngazi inayofuata. Ukiwa na lisansi ya LMD ya miaka 3, vyuo vya Ubelgiji na Ufaransa vinaielewa, kwa kuwa nao wanatumia mfumo huo. Afrika Kusini ni tofauti: pale masta inakuja baada ya shahada ya uhandisi ya miaka 4, au shahada ya miaka 3 ikifuatwa na mwaka wa "honours". Usilipe ada ya maombi kabla hujamwandikia msajili kumuuliza jambo hilo.

Mitego miwili ya tafsiri. "Ingénieur civil électricien" ya Politekniki ikitafsiriwa kwa Kiingereza kama "civil engineer", kamati itadhani umesomea barabara na madaraja. Mwambie mfasiri aandike uhandisi wa umeme, na jina la Kifaransa libaki pembeni. Wa pili ni kote. Kwetu 70% ni distinksyo na 80% ni distinksyo kubwa, na anayepata 68% huenda ni wa tatu katika promosheni nzima. Msomaji wa Marekani akiona 68% anaona mwanafunzi dhaifu. Omba sekretarieti ya kitivo ikupe karatasi yenye mhuri inayoeleza ngazi za kote na nafasi yako darasani. Karatasi hiyo ya ukurasa mmoja inaweza kubadilisha jinsi dosie yako inavyosomwa.

Hatua ya 2. Anza karatasi wiki hiyo hiyo

Usisubiri kuchagua chuo. Karatasi hizi zinatakiwa kila mahali.

Kwanza, linganisha majina. Weka mezani pasipoti, Diploma ya Serikali, releve zote na cheti cha kuzaliwa. Soma herufi kwa herufi: jina, postnom (jina la pili), jina la ubatizo, tarehe, mahali pa kuzaliwa. Kabwe na Kabue ni watu wawili mbele ya kompyuta ya ubalozi. Kosa likiwa kwenye releve, aparitora ya chuo (ofisi inayotunza rekodi za wanafunzi) inaweza kusahihisha. Likiwa kwenye hati ya kuzaliwa, unapita komini na mahakama, na hilo linakula miezi. Usianze pasipoti kabla ya kumaliza hapo, maana kosa litahamia ndani yake.

Fomu za nje zina nafasi mbili tu, jina la ukoo na jina la kwanza. Sisi tuna matatu. Fungua ukurasa wa picha wa pasipoti, tazama mistari miwili ya chini yenye alama <<<. Kilichoandikwa kabla ya << ndilo jina la ukoo. Kinachofuata ni majina mengine. Jaza hivyo hivyo kila mahali: mtihani wa lugha, fomu ya chuo, bursa (ufadhili wa masomo), tiketi. Ukijaza postnom leo huku na kesho kule, matokeo yako ya mtihani hayataungana na dosie yako.

Pili, diploma ya chuo kikuu hupita kwenye wizara ya elimu ya juu Kinshasa ili ithibitishwe, kisha Wizara ya Mambo ya Nje ihalalishe, kisha mara nyingine ubalozi wa nchi unayokwenda. Fuata mpangilio huo. Ukienda ubalozini kwanza watakurudisha. Kabla ya kutuma asili yoyote Kinshasa, iskani kwa rangi, dpi 300, kila hati PDF moja chini ya MB 2. Faili ipe jina linalosomeka: KABWE_releve_L1.pdf. Picha ya simu yenye kivuli cha vidole inakataliwa.

Tatu, uliza kama chuo chako kinaweza kutuma releve chenyewe, kwa bahasha iliyofungwa na kupigwa mhuri juu ya gundi, au kwa barua pepe ya ofisi. Marekani na Kanada vyuo vingi vinadai tathmini ya WES au shirika kama hilo, na hilo linahitaji karatasi zitoke chuoni moja kwa moja. Afrika Kusini anayetathmini ni SAQA. Ujerumani maombi mengi hupitia uni-assist, na kuna ada kwa kila chuo: euro 75 kwa cha kwanza, 30 kwa kila kinachofuata muhula huo.

Onyo: usikubali mtu "akusaidie" kuongeza kote kwenye releve. Vyuo vya nje huandika kwa aparitora kuuliza, na jibu likija tofauti, jina lako linafungiwa mlango kwa miaka.

Hatua ya 3. Chagua tatizo, ndipo uchague tawi

Andika sentensi moja yenye mashine, mahali na hitilafu. Mfano: "Konsentreta za oksijeni kwenye wodi ya watoto hushuka chini ya 82% wakati wa mvua, na hakuna anayepima." Sentensi hiyo ina utafiti ndani yake. Konsentreta hutenganisha oksijeni na nitrojeni kwa punje za zeolaiti; zeolaiti hufyonza unyevu, na ikishashiba maji haitenganishi tena. Ongeza umeme unaopanda na kushuka unaochosha kompresa. Kutoka hapo unajua unahitaji masomo gani na profesa wa aina gani.

Matatizo mengine yanayofaa kwetu: inkubeta za watoto njiti umeme unapokatika, oksimita zinazosoma vibaya mikono yenye baridi au ngozi nyeusi, miguu bandia inayovunjika kwenye njia za mawe, mashine za msaada zinazofika bila vipuri wala kitabu. Mwaka 2011 Perry na Malkin walionyesha kwamba karibu 40% ya vifaa vya tiba katika nchi maskini havikuwa vinafanya kazi. Unaweza kuitaja namba hiyo kwenye barua, lakini uongeze ulichokiona wewe hospitalini, kwa jina la kifaa.

Hatua ya 4. Ziba pengo lako

Mhandisi hukosa fiziolojia. Daktari na mtu wa maabara hukosa hisabati. Kamati inalijua pengo hilo na inatazama kama nawe unalijua.

Kama unatoka umeme, elektroniki au mekanika: soma moyo na mzunguko wa damu, mapafu, figo, neva na misuli. Miezi mitatu, saa sita kwa wiki, inatosha kuanzia. Omba kukaa siku kadhaa kwenye wodi au kwenye karakana ya hospitali ukiwa mwangalizi, kwa barua ya ruhusa.

Kama unatoka tiba au ISTM: aljebra ya matriki, milinganyo ya diferensia, probabiliti, kisha ishara na Fourier. Usiruke mpangilio huo. Anayekimbilia akili bandia bila matriki hukwama wiki ya pili. MIT OpenCourseWare inatoa bure kozi ya aljebra (18.06) na nyinginezo, na FUN MOOC ina kozi kwa Kifaransa. Pakua video usiku bando likiwa nafuu.

Hatua ya 5. Tengeneza kazi moja ya kuonyesha

Hapa ndipo mwombaji wa Lubumbashi asiye na maabara anaweza kulingana na wa Brussels. Kazi ifuatayo haihitaji kifaa chochote zaidi ya kompyuta.

1. Nenda PhysioNet (tovuti ya data za ishara za mwili), tafuta hifadhi ya MIT-BIH Arrhythmia. Ina rekodi 48 za ECG, kila moja ya dakika 30, sampuli 360 kwa sekunde. Zote kwa pamoja ni kama MB 100, lakini huhitaji zote. Chukua rekodi 100: faili tatu za .dat, .hea na .atr. Ile kubwa haifiki MB 2.
2. Kwenye Python weka maktaba ya wfdb, numpy, scipy na matplotlib. Soma ishara kwa rdrecord na alama za madaktari kwa rdann. Utaona sampuli 650,000 kwa kila chaneli.
3. Chora sekunde 10 za kwanza za chaneli ya MLII. Tambua P, QRS na T (mawimbi ya kila pigo la moyo) kwa macho yako kabla ya kuandika kanuni (algoriti) yoyote.
4. Chuja kati ya 5 na 15 Hz. Tumia filtfilt, inayopita mbele na nyuma. Chujio la kawaida litasogeza kilele na utadhani kanuni yako imekosea.
5. Tafuta diferensia, zidisha kwa yenyewe, tafuta wastani wa dirisha la milisekunde 150 (sampuli 54), weka kizingiti. Ni njia ya Pan na Tompkins ya mwaka 1985. Zuia kuhesabu pigo lingine ndani ya milisekunde 200 (sampuli 72), la sivyo QRS moja itahesabiwa mara mbili.
6. Linganisha na alama za madaktari. Rekodi 100 ina mapigo 2,273. Ukipata 2,274 upande wa alama, umehesabu ile "+" ya mwanzo, ambayo inaonyesha ridhimu na si pigo.
7. Rudia kwa rekodi 105, yenye kelele nyingi, na 108, yenye P ndefu. Kanuni yako itaanguka hapo. Andika imeanguka wapi na kwa nini; ukurasa huo ndio profesa atakaousoma kwa makini.

Kosa linalorudiwa na wengi: kuweka chujio la 50 Hz kwa sababu umeme wa SNEL (shirika letu la umeme) ni 50 Hz. Rekodi hizi zilichukuliwa Marekani, ambako umeme ni 60 Hz. Chujio la 50 Hz halitoi kelele hiyo. Ukijirekodi mwenyewe hapa mjini, hapo sasa ni 50.

Matokeo yawe ripoti ya kurasa 2 hadi 4 yenye michoro miwili, na kodi (maandishi ya programu yako) uiweke GitHub. Andika asilimia ya mapigo uliyopata na idadi ya uliyobuni kimakosa. Namba moja bila nyingine haina maana.

Anayependa vyuma anaweza kutumia moduli ya AD8232 (kibao kidogo cha kupima ECG) yenye elektrodi tatu pamoja na Arduino. Hapo sheria moja haina mjadala: mtu akiwa na elektrodi mwilini, kompyuta iwe kwenye betri tu, chaja imechomolewa ukutani. Chaja mbovu inaweza kupitisha umeme hadi kifuani. Na ukitaka kupima watu wengine zaidi yako, pita kwanza kamati ya maadili ya chuo. Bila kibali chake data hizo huwezi kuzitumia popote.

Asiyependa kodi afanye orodha ya vifaa vya idara moja ya hospitali, kwa ruhusa ya maandishi ya mkurugenzi: aina, modeli, mwaka, hali, sababu ya kulala, kipuri kinachokosekana. Ongeza kipimo cha volteji ya soketi kwa siku saba. Jina la hospitali na la mgonjwa yeyote lisitokee kwenye ripoti.

Hatua ya 6. Tengeneza orodha ya vyuo sita, si ishirini

Viwili vya ndoto, viwili vya uwezo wako, viwili vya karibu.

Barani kwetu: Chuo Kikuu cha Cape Town kina idara ya uhandisi wa biomedikali ndani ya kitivo cha afya, na ndiko Allan Cormack alikoanza hesabu zilizozaa skana, akapata Nobel mwaka 1979 pamoja na Hounsfield. Stellenbosch wana kundi kubwa upande wa uhandisi. Chuo Kikuu cha Ghana kina idara kamili. Addis Ababa wana kituo. Kigali kuna kituo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki cha uhandisi wa biomedikali na afya ya kidijitali. Kongo ni mwanachama wa Jumuiya tangu 2022, hivyo uliza kuhusu ada za wanachama, na fikiria hali ya usalama na mipaka kabla ya kuamua. Tunis wana taasisi ya teknolojia za tiba, na masomo ni kwa Kifaransa. Tlemcen, Algeria, pia wana idara.

Ng'ambo kwenye nchi za Kifaransa: UCLouvain, ULiège na ULB Ubelgiji, Compiègne na masta ya pamoja ya Paris kwa Ufaransa, na Polytechnique Montréal. Kwa Kiingereza bila ada kubwa: Ujerumani, mfano Erlangen, lakini visa ya huko inadai akaunti iliyofungwa (pesa za benki unazotoa kidogo kidogo kila mwezi), euro 11,904 kwa mwaka kwa kiwango cha Septemba 2024. Kwa Boğaziçi, Istanbul, kuna taasisi nzima ya fani hii tangu 1982.

Kwa kila chuo fungua orodha ya maprofesa, soma makala mbili za karibuni za yule anayegusa sentensi yako ya hatua ya 3. Kama hakuna hata mmoja, futa chuo hicho, hata kiwe maarufu namna gani.

Hatua ya 7. Pesa

Kupokelewa chuoni si kupata bursa. Ni dosie mbili, tarehe mbili, na mara nyingi ofisi mbili.

Chuo Kikuu cha Afrika (PAU) cha Umoja wa Afrika hulipia masta na doktora. Taasisi yake ya JKUAT, Kenya, ina uhandisi wa umeme na wa mekanika. Mada yako ya memwari (tasnifu) inaweza kuwa ya tiba. Mastercard Foundation inafadhili kupitia vyuo washirika, Cape Town kikiwemo. Ubelgiji kuna ARES (upande wa Kifaransa) na VLIR-UOS (upande wa Kiflemi), zinazotoa bursa, lakini kila mmoja ana orodha yake ya masomo anayolipia. Soma orodha kwanza. Türkiye Bursları hufunguliwa kwa kawaida Januari na Februari, maombi ni bure, na umri wa masta ni chini ya miaka 30. Bursa ya Eiffel ya Ufaransa haiombwi na wewe: chuo ndicho kinachokupendekeza, na kwa masta umri usizidi miaka 25, kwa hiyo mwandikie mkuu wa masta mapema. Kwa Marekani, masta mara nyingi unailipia, bali doktora hulipiwa kwa kazi ya usaidizi, na unaweza kuiomba bila masta.

Kongo iko kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi. Vyuo kadhaa hutumia orodha hiyo kupunguza ada. Hawatakuambia usipouliza.

Onyo: bursa ya kweli haiuzwi. Anayekutaka dola kwa M-Pesa au Airtel Money ili "kukuhakikishia nafasi" anakuibia.

Hatua ya 8. Lugha

Kwa Kiingereza wengi wanataka IELTS 6.5 au TOEFL iBT; vyuo kadhaa vinakubali Duolingo, inayofanyika nyumbani. Matokeo ya IELTS na TOEFL yanaishi miaka 2, kwa hiyo usifanye mapema mno. Ukichagua mtihani wa nyumbani, hakikisha umeme wa akiba na intaneti mbili, moja ya kebo na moja ya simu. Mtihani ukikatika katikati unaweza kufutwa. Ukipendelea kituo, Lusaka kupitia Kasumbalesa mara nyingi ni nafuu kuliko ndege ya Kinshasa. Anayekwenda nchi ya Kifaransa aulize kama karatasi ya chuo inayothibitisha kwamba masomo yako yote yalikuwa kwa Kifaransa inatosha.

Hatua ya 9. Barua

Barua ya motisha, ukurasa mmoja na nusu. Aya ya kwanza ni tatizo lako. Ya pili ni ulichokifanya kulihusu: memwari, kazi ya hatua ya 5, na namba zake. Ya tatu ni kwa nini chuo hiki, kwa kutaja profesa na makala. Ya nne ni pengo lako na unavyoliziba. Ya mwisho ni kazi utakayofanya baadaye, mahali gani. Utoto wako na ndoto zako za tangu kale hazihitajiki.

Barua pepe kwa profesa iwe na sentensi tano hadi saba: wewe ni nani na diploma gani, makala gani uliisoma na swali moja juu yake, kazi yako na kiungo chake, ombi lenyewe, je, anapokea mwanafunzi mwaka ujao, shukrani. Ambatisha CV ya kurasa mbili. Usimtumie diploma kumi, na usitume barua moja kwa maprofesa thelathini.

Wanaokupendekeza: nenda kwa Profesa au CT (chef de travaux, mwalimu aliye chini ya profesa) aliyekuongoza ukiwa na karatasi moja yenye majina ya vyuo, tarehe, mada yako na kote ulizopata kwake. Mpe wiki sita. Fomu nyingi hukataa anwani ya gmail au yahoo ya profesa; kama hana anwani ya chuo, mwombe aandike kwenye karatasi yenye nembo, aweke sahihi na mhuri, na chuo cha nje ukiarifu kabla ya tarehe. Mkumbushe kwa heshima wiki mbili kabla. Usijiandikie barua ukampa asaini: lugha ya barua tatu ikifanana, inaonekana.

Hatua ya 10. Tuma, kisha visa

Tuma siku kumi kabla. Angalia saa: Lubumbashi iko saa moja mbele ya Brussels wakati wa baridi yao, na saa saba mbele ya New York. Saa 5:59 usiku ya New York ni saa 12:59 asubuhi ya kesho yake kwetu. Wakati wa joto tofauti hupungua kwa saa moja. Hifadhi picha ya skrini ya uthibitisho na namba ya dosie.

Barua ya kupokelewa ikifika, omba miadi ya visa siku hiyo hiyo. Cheti cha tabia njema na cheti cha daktari vina uhai mfupi, kwa kawaida miezi mitatu, hivyo vichukue mwishoni. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebe asili. Kwa Ufaransa ulizia Campus France (ofisi ya Ufaransa ya wanafunzi wa nje) mapema, maana hatua zake huja kabla ya visa.

Pakikwama

*Profesa hajibu.* Subiri wiki mbili, mwandikie mara moja tu, kisha mwandikie mwingine wa maabara ile ile au mratibu wa masta. Mara nyingi ujumbe wa kwanza ulikuwa mrefu mno au kiambatisho kilizidi MB 5.

*Diploma haijatoka tangu miaka.* Tumia cheti cha kufaulu pamoja na barua ya chuo inayosema diploma iko njiani. Vyuo vingi hupokea hivyo kwa masharti.

*Kote ziko chini ya 60%.* Weka uzito kwenye kazi ya hatua ya 5, kwenye kote za miaka miwili ya mwisho kama zilipanda, na kwenye barua ya aliyekuona ukifanya kazi. Anza na vyuo vya karibu.

*Umekataliwa bila sababu.* Andika kuuliza kwa sentensi mbili. Wakisema "masomo ya msingi hayatoshi", omba orodha ya kozi zinazokosekana. Baadhi watakupa mwaka wa maandalizi.

*Umepokelewa bila bursa.* Omba kuahirisha hadi mwaka unaofuata kabla ya kukataa. Nafasi nyingi huahirishwa bila kuanza upya.

*Vita imefunga njia ya kufika chuoni, kama ilivyo kwa wengi wa Goma na Bukavu.* Mwombe mtumishi wa aparitora atume skani kwa anwani yake ya ofisi moja kwa moja kwa msajili wa nje, na wewe uandike aya moja ya kueleza hali. Wengi hukubali skani hiyo kwa muda, asili zikifuata baadaye.

*Jina la matokeo ya TOEFL halilingani na la pasipoti.* Waandikie wenye mtihani mara moja ukiambatisha picha ya pasipoti. Marekebisho madogo ya herufi hukubaliwa. Kubadilisha jina zima hakukubaliwi, na itabidi ufanye mtihani upya.